Malezi ya Tabibu-Mtafiti wa Magonjwa ya Viungo: Swali la Kisii na Nyamira

Utangulizi

Miongoni mwa Abagusii wa Kisii na Nyamira, jina la omobari lingali linakumbukwa. Omobari alikuwa fundi wa kupasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa fuvu ili kumpa nafuu mtu aliyeumwa na kichwa bila kikomo baada ya kugongwa au kuanguka. Madaktari wa kigeni waliochunguza kazi hiyo katika miaka ya 1950 na 1960, akiwamo Edward Margetts aliyetibu magonjwa ya akili nchini Kenya, waliieleza kuwa taaluma yenye vifaa, hatua na wanagenzi wake. Mwanagenzi alikaa miguuni pa fundi, akatazama, akashika kisu, hatimaye akaaminiwa.

Hata hivyo, omobari hakuandika. Aliyepona alirudi nyumbani na aliyekufa alizikwa, na sababu za kupona huyu na kufa yule zilibaki kichwani mwa fundi. Hapa ndipo penye tofauti kati ya tabibu na tabibu-mtafiti. Tabibu hutibu mgonjwa aliye mbele yake. Tabibu-mtafiti humtibu huyo huyo, kisha huuliza kwa nini ameugua, huhesabu wengine wanaofanana naye, hupima, huandika, na hukubali kukosolewa na wenzake.

Makala haya yananuia kueleza jinsi tabibu-mtafiti wa magonjwa ya viungo anavyolelewa, vikwazo anavyokumbana navyo nchini Kenya, na sababu za kaunti za Kisii na Nyamira kumhitaji. Tawi hili la tiba limeteuliwa kwa kuwa wagonjwa wake hawafi kwa ghafla. Hulemaa polepole na kimyakimya, na jambo la kimya halikosi kusahaulika.

Baridi Yabisi ni Nini?

Katika Kiswahili, maumivu ya viungo yameitwa baridi yabisi kwa muda mrefu. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu: la kwanza ni ubaridi na la pili ni ukavu. Jina hilo ni masalio ya tiba kongwe ya Wayunani na Waarabu iliyogawa hali za mwili kuwa moto, baridi, majimaji na ukavu. Kwa hiyo jina lenyewe limebeba nadharia ya chanzo cha ugonjwa. Katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, ambako asubuhi huwa na ukungu na baridi, nadharia hiyo huaminika kwa urahisi. Mtu anayeamini kwamba baridi ndiyo iliyomwingia huongeza sweta na kusubiri jua.

Sayansi ya leo inaeleza vingine. Yapo magonjwa zaidi ya 100 yanayohusu viungo, misuli na mifupa. Mengine hutokana na kuchakaa kwa gegedu uzeeni. Jongo hutokana na chembechembe za asidi ya yuriki zinazojikusanya kiungoni. Lakini baridi yabisi sugu, inayovimbisha vidole vya mikono yote miwili na kuvikaza kila asubuhi, ni uasi wa ndani. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia utando laini unaozunguka kiungo. Utando huo huvimba, hula gegedu, kisha hula mfupa. Lupasi nayo ni ya ukoo huo huo, ila huweza kushambulia ngozi, figo, moyo na hata ubongo.

Ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na aghalabu wakiwa katika umri wa kufanya kazi. Uchunguzi uliofanywa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na kuchapishwa mwaka 2009 katika jarida la tiba la Afrika Mashariki ulionyesha jambo hilo, na ukaonyesha pia kuwa wagonjwa wengi walikuwa bado na ugonjwa uliochacha licha ya kuhudhuria kliniki.

Mtu anayejua Nyamira atatambua uzito wa jambo hili. Uchumi wa kaunti hiyo umeshikiliwa na majani chai, na majani chai huchumwa kwa vidole. Huko Tabaka, upande wa Kisii, mawe ya sabuni huchongwa na kusuguliwa kwa mikono. Mama wa miaka 35 ambaye vidole vyake vimekataa kukunjika hajapata maumivu tu. Amepoteza mshahara, karo ya watoto, na pengine heshima ya kujitegemea. Dawa ya kuzuia hali hiyo, methotrekseti, ni kongwe na si ya bei kubwa, na humezwa mara moja kwa juma. Sharti lake ni moja: ianze mapema, katika miezi ya mwanzo, kabla mfupa haujaliwa. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ugonjwa huu, ukuta ukishaanguka haujengeki.

Daktari Anayeuliza

Historia ya tiba ya viungo imejaa madaktari waliogundua mambo makubwa kwa kuwa walimtazama mgonjwa kwa jicho la mtafiti. Mwaka 1929, Philip Hench wa Kliniki ya Mayo nchini Marekani alimwona mgonjwa wa baridi yabisi aliyepata nafuu baada ya kuugua umanjano. Baadaye aliona pia kuwa wanawake wajawazito hupata ahueni. Daktari mwingine angefurahi na kwenda zake. Hench alijiuliza kama mwilini mna kitu kinachozalishwa katika hali hizo mbili. Swali hilo alilifuatilia kwa takriban miaka 20, akishirikiana na mwanakemia Edward Kendall, hadi mwaka 1948 mgonjwa wa kwanza alipodungwa kotizoni na kuinuka kitandani. Mwaka 1950 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Tadeusz Reichstein. Punde ikabainika kuwa dawa hiyo ikitumiwa kiholela kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa na kuleta madhara mengine, na kubaini hilo pia kulikuwa kazi ya utafiti.

Mfano wa pili unagusa malaria. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia askari wengi walipewa mepakrini ili kujikinga na malaria. Baadhi yao waliokuwa na vipele vya lupasi au maumivu ya viungo walipata nafuu. Mwaka 1951 daktari Francis Page alichapisha mjini London taarifa ya wagonjwa wa lupasi aliowatibu kwa dawa hiyo. Hadi leo haidroksiklorokwini, ambayo ni ya ukoo wa dawa za malaria, ni nguzo ya matibabu ya lupasi duniani kote.

Mfano wa tatu una chimbuko Afrika. Mwaka 1968 Brian Greenwood, daktari aliyefanya kazi Ibadan nchini Nigeria, alieleza kuwa magonjwa ya kinga iliyoasi yalikuwa machache mno katika wodi za huko. Alikisia kuwa maambukizi ya vimelea, hasa malaria ya tangu utotoni, huenda yakaifunza kinga ya mwili kutulia. Hakuishia katika kukisia. Yeye na wenzake waliwaambukiza malaria panya wa maabara wenye maumbile ya kupata ugonjwa unaofanana na lupasi, na mwaka 1970 wakachapisha kuwa ugonjwa huo ulizuiliwa.

Wa nne ana uhusiano na Afrika Mashariki. Ravinder Maini alizaliwa India na kukulia Uganda, ambako baba yake, Amar Maini, alikuwa meya wa kwanza wa Kampala. Akiwa London, Maini alishirikiana na Marc Feldmann kuchunguza protini iitwayo TNF inayochochea uvimbe wa viungo. Mwaka 1992 walianza kuwapa wagonjwa kingamwili inayoizuia protini hiyo, na matokeo yake yakabadilisha tiba ya baridi yabisi ulimwenguni. Mmoja alijua wagonjwa na mwingine alijua maabara, na kila mmoja alijifunza lugha ya mwenzake.

Kinachowaunganisha wote hawa si akili zisizo za kawaida. Walikuwa na wagonjwa wa kuwatazama, muda wa kufikiri, wenzao wa kuwasahihisha, na mbinu za kupima. Mambo hayo manne ndiyo mtaala wa tabibu-mtafiti popote alipo.

Swali Lililoko Gusii

Dhana ya Greenwood inaweza kuchunguzwa vizuri katika sehemu chache kuliko magharibi mwa Kenya. Katika kaunti za Homa Bay na Migori, kandokando ya Ziwa Viktoria, malaria imekuwapo mwaka mzima. Ukipanda kilima kuelekea Kisii na Nyamira, mbu hupungua kwa sababu ya baridi, na malaria huja kwa milipuko ya msimu. Hivyo basi, katika safari ya saa chache kwa matatu, mtafiti hupata jamii mbili zilizofunzwa na malaria kwa viwango tofauti.

Je, magonjwa ya kinga iliyoasi ni mengi zaidi mlimani kuliko ziwani? Swali ni jepesi kuulizwa na gumu kujibiwa. Kwanza, dawa za malaria zenyewe hutuliza viungo. Klorokwini ilitumika kote nchini hadi mwaka 1998, Kenya ilipoacha kuitegemea kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Mtafiti akikuta tofauti, atajuaje kama ni kazi ya vimelea au ya dawa? Pili, wakazi wa pande hizo mbili wanatofautiana kwa nasaba, na baadhi ya tabia za kurithi huongeza uwezekano wa kuugua. Tatu, ugonjwa unaweza kuonekana haba kwa kuwa tu hakuna wa kuutambua. Pasipo na mtaalamu, kila kiungo kinachouma huitwa uzee, uchovu au baridi.

Sababu hii ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Tukichukulia kwa mfano tu kuwa mtu 1 kati ya 500 ana baridi yabisi sugu, kaunti hizo mbili zitakuwa na wagonjwa zaidi ya 3,700. Idadi hiyo ni ya kukisia. Kuigeuza iwe ya kupimwa kunahitaji mtu anayeweza kushika mkono wa mgonjwa na kutofautisha uvimbe wa jongo na uvimbe wa kinga iliyoasi, na wakati huo huo anayejua kuteua sampuli isiyopotosha. Daktari asiyejua takwimu atahesabu waliofika hospitalini pekee. Mwanatakwimu asiyejua tiba atahesabu kila anayelalamika. Wote wawili watakosea, kila mmoja kwa njia yake.

Ngazi na Vidato Vyake

Nchini Kenya njia ya kufikia kazi hiyo ni ndefu. Shahada ya kwanza ya udaktari huchukua takriban miaka sita. Hufuatwa na mwaka mmoja wa kazi ya mazoezi hospitalini, kisha shahada ya uzamili katika magonjwa ya ndani au ya watoto kwa miaka mitatu au minne. Baada ya hapo huja ubingwa bobezi wa magonjwa ya viungo, ambao katika Chuo Kikuu cha Nairobi ni wa miaka miwili. Anayetaka kuwa mtafiti kamili huongeza uzamifu, usiopungua miaka mitatu. Ukijumlisha, aliyeingia chuoni akiwa na miaka 19 hukaribia au kupita 35 kabla ya kusimama kwa miguu yake, na hapo miaka ya kungojea ajira na ufadhili haijahesabiwa.

Kwa muda mrefu kidato cha ubingwa kilikosekana nchini, na waliotaka elimu hiyo walilazimika kuvuka bahari. Angela Migowa, miongoni mwa madaktari wa kwanza wa magonjwa ya viungo vya watoto katika eneo hili, alijifunza ubingwa huo katika Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada kabla ya kurudi Nairobi. Karibu na mwaka 2010 umoja wa kimataifa wa vyama vya taaluma hiyo ulianza mpango wa kusaidia Afrika Mashariki, na Profesa Omondi Oyoo wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa mmoja wa wenyeji wake. Mwaka 2013 lilianzishwa jarida la Afrika la magonjwa ya viungo, ambalo yeye amekuwa mhariri wake. Jarida si pambo. Humpa kijana anayeandika tasnifu kuhusu wagonjwa wa Kenya mahali pa kuchapisha bila kuulizwa kwanza kama wagonjwa hao wanafanana na wa Ulaya.

Vikwazo vinavyosalia ni vinne. Cha kwanza ni muda. Bingwa mmoja anapohudumia umati, saa za utafiti humezwa na foleni. Nchi zilizofaulu humwekea daktari kijana siku maalumu za utafiti ambazo haziguswi na zamu za wodi. Cha pili ni fedha. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata ufadhili wa Marekani wa kuimarisha elimu ya udaktari na utafiti, na madaktari wengi vijana walifaidika. Lakini mwaka 2025 Marekani ilipopunguza fedha za utafiti na afya ugenini, ilibainika kuwa cha kuazima hakisitiri. Cha tatu ni uthabiti wa ajira. Mgomo wa madaktari ulioanza Machi 2024 ulidumu siku 56, na kiini chake kimojawapo kilikuwa malipo ya madaktari wa mazoezi, yaani wale wanaokanyaga kidato cha pili cha ngazi. Cha nne ni umbali. Mabingwa wa taaluma hii wamejikusanya Nairobi, takriban kilomita 300 kutoka Kisii, na safari hiyo hurudiwa kila mgonjwa anapohitaji kupimwa damu na ini.

Hata hivyo, Kisii si mahali patupu. Hospitali yake ya mafunzo na rufaa ina historia inayorudi nyuma hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, na hupokea wagonjwa wa kaunti kadhaa. Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake mwaka 2013 na hufunza madaktari. Kuna wodi, kuna wanafunzi, kuna wagonjwa. Kinachotakiwa ni kumpa mwanafunzi wa mwaka wa tatu daftari la kuhesabia anachokiona, na mwalimu wa kumuuliza alivyohesabu.

Lugha kama Kifaa cha Utafiti

Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kudhani kuwa haya ni ya madaktari peke yao. Sivyo. Katika magonjwa ya viungo, kipimo kimoja muhimu si damu bali maswali. Mwaka 1980 James Fries na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitunga hojaji ya maswali 20 inayomtaka mgonjwa aeleze ugumu wa kufanya kazi za kila siku, kuanzia 0 kwa asiye na shida hadi 3 kwa asiyeweza kabisa. Hojaji hiyo hutumika duniani kote kuamua kama dawa inasaidia.

Miongoni mwa maswali yake ni kama mgonjwa anaweza kufungua mlango wa gari, au kusafisha nyumba kwa mashine ya kuvuta vumbi. Mchumaji chai wa Nyamira asiye na gari wala mashine hiyo atajibu nini? Akisema hawezi, ataonekana amelemaa. Akisema hana shida, ataonekana mzima. Majibu yote mawili ni ya uongo, ingawa msemaji ni mkweli. Mtafiti mwenyeji atauliza kama anaweza kumenya ndizi, kukamua nguo, kuinua mtungi wa maji, au kuchuma majani hadi kikapu kijae.

Ugumu mwingine umo katika neno lenyewe. Kiungo kwa Kiswahili ni mahali mifupa inapokutana, lakini pia ni sehemu yoyote ya mwili, na sokoni ni bizari na iliki. Swali la viungo kuuma laweza kujibiwa na mtu mwenye jeraha la paja. Ndiyo maana hojaji hutafsiriwa na mtu mmoja, ikarudishwa katika lugha ya awali na mwingine asiyeiona asili, kisha tofauti zikajadiliwa na kujaribiwa kwa wagonjwa wachache. Katika Kisii na Nyamira hatua hiyo hufanywa mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, maana mama mzee huenda akaeleza maumivu yake kwa lugha aliyonyonya. Aidha, idhini ya kushiriki utafiti haiwi idhini iwapo aliyeitia sahihi hakuielewa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa tabibu-mtafiti halelewi kwa darasa moja wala kwa semina ya wiki moja. Hulelewa na wagonjwa anaowatazama kwa makini, muda unaolindwa, walimu wanaomkosoa, na mbinu za kupima zinazofaa mahali alipo. Kenya imekwisha kuweka vidato kadhaa vya ngazi hiyo. Kilichobaki ni kuviimarisha na kuvisogeza karibu na watu.

Wenyeji husema mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni wamekuja, wamefunza, na wamestahili shukrani. Lakini mgeni huondoka, na kiungo huuma hata baada ya kuondoka kwake. Serikali za kaunti zinaweza kugharimia mafunzo ya madaktari wachache kwa masharti ya kurudi na kufanya kazi nyumbani. Vyuo vikuu vinaweza kuhesabu utafiti wa daktari kama sehemu ya kazi yake badala ya kuuona kuwa burudani ya jioni. Idara za Kiswahili nazo zinaweza kutoa wafasiri wa hojaji na wasanifu wa istilahi.

Omobari alijua mengi, ila mengi ya aliyoyajua alizikwa nayo. Binti wa Nyamira anayesoma udaktari leo ana kalamu ambayo fundi yule hakuwa nayo. Akipewa muda wa kuitumia, mama yake anayeamka na vidole vilivyokaza huenda akapata jibu kabla ya msimu mwingine wa kuchuma chai kumpita.